Saa Ikikosea, Kwanza Pima Kosa Lake

Kila askari aliyewahi kwenda doria ya usiku anaijua amri ya kulinganisha saa. Kabla kikosi hakijaondoka, kiongozi huitazama saa yake, huitaja dakika kwa sauti, na kila mmoja huirekebisha ya kwake. Hakuna aulizaye saa ya nani ni ya bei kubwa. Litakiwalo ni kwamba watu watakaotawanyika gizani, pasipo kuonana, wawe na hesabu moja ya wakati. Mmoja akitangulia kwa dakika tano tu, huenda akafika mahali ambapo wenzake hawamtazamii, na madhara yake hayahitaji maelezo.

Siku hizi amri hiyohiyo yahitajika kwa mitambo. Katika ofisi, shule, vituo vya afya na vituo vya polisi vya mji wa Mbarara, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyo wilayani Isingiro, kumbukumbu nyingi zilizokuwa zikiandikwa kwa kalamu katika madaftari sasa hutunzwa na kompyuta. Kompyuta itunzayo kumbukumbu na kuzihudumia kompyuta nyingine huitwa sava. Ndani ya kila sava mna saa, na kila kiandikwacho hupigwa mhuri wa saa hiyo. Saa ikikosea, mhuri nao hukosea. Ubaya wake ni kwamba mtambo hautoi moshi wala kelele. Waendelea kuandika uongo kwa unadhifu uleule uliokuwa ukiandikia kweli.

Ichukuliwe familia moja kuwa mfano. Koplo wa polisi yuko kazini Nakivale pamoja na mkewe. Mama huyo anajifungua salama katika kituo cha afya saa 7:00 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025. Juma linalofuata koplo anakwenda kuchukua karatasi ya mtoto, naye anakuta imeandikwa kwamba mtoto alizaliwa tarehe 31 Desemba 2024. Anakwenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta.

"Fundi, mashine yenu imemwongezea mwanangu mwaka mzima."

"Pole, afande. Hebu nieleze, mtoto alizaliwa saa ngapi hasa?"

"Saa saba usiku. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa wodi, na kelele za mwaka mpya zilikuwa bado kutulia."

Fundi anafungua kumbukumbu na kusoma. "Hapa mashine inasema saa nne usiku, tarehe thelathini na moja. Tofauti ni muda wa saa tatu kamili, haizidi wala haipungui. Mashine haikuharibika, afande. Inahesabu saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu."

Fundi wa mfano huu amefanya jambo moja ambalo mafundi wengi wenye haraka hawalifanyi. Hakukimbilia kuisahihisha saa. Kwanza aliuliza imekosea kwa kiasi gani. Ukubwa wa kosa la saa aghalabu hutaja ugonjwa wenyewe, kama vile kiwango cha homa kimsaidiavyo mganga. Anayeisahihisha saa kabla ya kulipima kosa lake huwa amefuta ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Ili kuyafahamu makosa hayo, yafaa kukumbuka kwamba saa ya ukutani si jua, bali ni mapatano ya watu. Uganda, Kenya, Tanzania, Somalia na Ethiopia zimepatana kuwa mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko mbele kwa saa mbili tu. Makazi ya Nakivale, ambayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, leo yana zaidi ya watu laki moja, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na Ethiopia. Kwa hiyo katika soko moja wamo watu waliozaliwa chini ya saa mbili tofauti. Hata jua lenyewe halikubaliani na saa ya serikali: kwa kuwa Mbarara iko upande wa magharibi, kwa wastani jua hufika utosini pale karibu na saa 7 mchana kasoro dakika 3, wala si saa 6 kamili.

Basi fundi akikuta kosa la saa moja kamili, ashuku kwamba mtambo umeambiwa uko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi. Kosa hili huja na kompyuta zilizotayarishwa kwingine, na simu za mkononi nazo hulipata zikiwa karibu na mpaka wa Rwanda, pale ziponasapo mawimbi ya upande wa pili. Kosa la muda wa saa tatu kamili ni la Greenwich, kama lilivyompata mtoto wa koplo.

Kosa la muda wa saa sita kamili lina asili ya Afrika Mashariki yenyewe. Msemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa tangu mapambazuko, na Waethiopia nao hufanya vivyo hivyo. Lakini mtambo huhesabu tangu usiku wa manane. Karani akiambiwa "ni saa mbili asubuhi," naye akaandika namba 2 mahali ambapo mtambo ulitazamia namba 8, saa imekwisha haribika. Kosa la muda wa saa kumi na mbili kamili ni la kuchanganya asubuhi na jioni.

Makosa yanayohesabiwa kwa miaka yana lugha yake pia. Sava ionyeshayo tarehe 1 Januari 1970 imepoteza kumbukumbu yote ya wakati, kwa maana kompyuta nyingi huanza kuhesabu sekunde tangu siku hiyo. Hapo hutazamwa betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyo ndani ya mtambo. Ndiyo iiendeshayo saa wakati umeme umekatika. Kosa la miaka 19 na miezi 7 na nusu huelekeza kwenye kipokezi cha zamani cha setilaiti za GPS, kwa sababu mfumo huo huhesabu majuma 1,024 kisha hurudi sifuri, kama ulivyofanya mwezi Aprili 2019. Na kosa likilingana na muda ambao umeme ulikatika usiku uliopita, mtambo huo hauna betri ya saa kabisa. Vipo vikompyuta vidogo vya bei nafuu vya namna hiyo, ambavyo vinapowashwa huendelea na saa ile vilipozimwa, kana kwamba usiku haukupita. Mahali penye umeme wa jua, ambapo mawingu ya siku mbili huweza kumaliza akiba yote, ugonjwa huu si wa ajabu.

Likabaki kosa la mwisho, lisilo kamili kwa lolote: dakika mbili leo, mbili na ushei juma lijalo, tatu mwezi ujao. Huko ni kupotoka kwa saa yenyewe. Saa ya kompyuta, sawa na saa nyingi za mkononi, huongozwa na fuwele ndogo ya jiwe liitwalo kwatsi, ambayo hutetemeka kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa. Joto na uzee huubadili mwendo huo kidogo. Fuwele iliyopotoka kwa sehemu 20 tu katika milioni moja hukosea karibu sekunde 1.7 kwa siku, na hizo kwa mwaka zafikia dakika 10 na nusu.

Wanajeshi hawana haja ya kuambiwa kwamba kosa dogo likiachwa lijikusanye huweza kuua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraki lilianguka juu ya kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuwaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa huko Dhahran ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 na zaidi bila kuzimwa. Kompyuta yake ilikuwa ikihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba iliyokatwa kidogo mwishoni, na kile kidogo kikajikusanya hadi kufikia thuluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa kombora lile, thuluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilometa. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Dawa ya kupotoka ni ileile ya kikosi: kulinganisha saa mara kwa mara. Sava hazina sauti, kwa hiyo hulinganisha kwa kupelekeana ujumbe mtandaoni kwa kanuni iitwayo NTP. Kanuni hiyo ilitangazwa mwaka 1985 na mtaalamu wa Kimarekani, David Mills, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Delaware na akafariki dunia mwezi Januari 2024. Ugumu alioutatua ni huu: ujumbe hutumia muda njiani, na jibu la "sasa ni saa fulani" likifika huwa limekwisha pitwa.

Utatuzi wake waweza kuelezwa kwa tarishi wa pikipiki. Ofisi ya Nakivale inataka kujua saa ya Mbarara. Tarishi anaondoka Nakivale saa 2:00 asubuhi kwa saa ya Nakivale. Anafika Mbarara, na saa ya huko inaonyesha 3:40. Anapumzika dakika 10, anaondoka saa 3:50 kwa saa ya Mbarara, na kufika Nakivale saa 5:00 kwa saa ya Nakivale. Kwa hesabu ya Nakivale safari nzima imechukua muda wa saa 3. Ukitoa dakika 10 za mapumziko, njiani ametumia saa 2 na dakika 50, yaani saa 1 na dakika 25 kwa kila upande. Aliondoka saa 2:00. Basi alipofika Mbarara, Nakivale ilikuwa saa 3:25, lakini Mbarara ilisema 3:40. Saa ya Nakivale iko nyuma kwa dakika 15. Hakuna aliyelazimika kuijua njia, wala kumwamini tarishi kwa lolote ila kusoma saa nne na kuziandika.

Hesabu hii ina sharti moja: kwenda na kurudi kuwe sawa. Kama wakati wa kwenda barabara ilikuwa kavu, na wakati wa kurudi mvua imeifanya tope, nusu haitakuwa nusu ya kweli. Mtandao nao una tope lake. Mahali ambapo njia ya kupeleka ni nyembamba kuliko ya kupokea, au ambapo watu wengi hutazama picha za sinema kwa wakati mmoja, ujumbe hukwama upande mmoja, na saa hupata kosa. Kosa hilo haliwezi kupita nusu ya muda wote wa njiani, kwa hiyo sava ya karibu yenye njia fupi yafaa kuliko ya mbali yenye sifa.

Sava zimepangwa kwa ngazi, kama vyeo. Juu kabisa, ngazi ya sifuri, ni saa za atomi na saa za setilaiti. Ngazi ya kwanza ni sava zilizounganishwa nazo moja kwa moja. Ya pili hulinganisha na ya kwanza. Na kuendelea hadi ya 15. Ngazi ya 16 maana yake ni kwamba sava haina pa kupata wakati, na wengine wasiifuate.

Fundi aitwapo kutazama sava ambayo saa yake haikubali kulingana, yampasa aende kwa utaratibu, wala asirukie. Jambo la kwanza, kama ilivyokwisha semwa, ni kupima kosa na kuliandika. La pili ni kutazama nchi ambayo mtambo umeambiwa upo. Katika kompyuta zitumiazo Linux, amri ya timedatectl huonyesha hayo pamoja na kusema kama saa imelinganishwa. La tatu ni kuhakikisha kwamba programu ya kulinganisha inafanya kazi, na kwamba ni moja tu. Programu mbili zikisahihisha saa moja, huivuta huku na huku kama madereva wawili walioshika usukani mmoja.

La nne ni kuuliza sava inalinganisha na nani, na kama hao wanajibu. Amri ya chronyc sources, au ntpq -p kwa programu ya zamani, hutoa orodha ya sava zinazoulizwa. Alama ya nyota husimama mbele ya ile iliyochaguliwa, na alama ya x mbele ya ile ionekanayo kusema uongo. Ipo pia namba ya kufikiwa: 377 maana yake majaribio 8 ya mwisho yote yalijibiwa, na 0 maana yake hakuna hata moja. Namba ikiwa 0 kwa sava zote, fundi aache kuilaumu saa na aitazame njia. Ujumbe wa NTP hupita katika mlango namba 123, na mara nyingi programu ya ulinzi wa mtandao huwa imeufunga mlango huo pasipo mtu kukumbuka. Ni kama tarishi aliyezuiliwa kizuizini kwa sababu jina lake halimo katika orodha.

La tano ni kutazama kama kosa limekuwa kubwa mno. Programu ya ntpd ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, hukataa kusahihisha na kujifunga, isipokuwa kama imeruhusiwa kufanya hivyo mara moja wakati wa kuwashwa. Wengi huidhania kuwa mbovu, kumbe imefanya lililo la busara: jambo lisilo la kawaida imemwachia mtu. Hapo fundi hana budi kuisogeza saa kwa mkono hadi karibu na ukweli, kisha aiwashe tena.

Hata kusogeza kwenyewe kuna adabu yake. Saa ikirudishwa nyuma kwa ghafula, dakika zilezile hupitiwa mara mbili, na mgonjwa aliyepimwa kwanza kisha akapewa dawa huonekana amepewa dawa kabla ya kupimwa. Kwa hiyo makosa madogo husahihishwa pole pole, kwa kuipunguza au kuiongeza saa mwendo. Kwa kiwango cha kawaida cha sehemu 500 katika milioni, sekunde moja huondolewa kwa dakika 33. Lakini zile dakika 15 za Nakivale zingechukua karibu siku 21. Kosa kubwa namna hiyo husahihishwa kwa mara moja, huduma zikiwa zimesimamishwa kwanza, na watumiaji wakiwa wamearifiwa.

Ipo hatari nyingine ambayo huwapata hata wenye mitambo bora, nayo ni kumwamini msemaji mmoja. Tarehe 19 Novemba 2012, sava mbili mashuhuri za wakati za kituo cha unajimu cha jeshi la wanamaji la Marekani zilitangaza kwa muda mfupi kwamba mwaka ni 2000. Kompyuta zilizokuwa zikiwasikiliza wao tu ziliufuata mwaka huo, na katika ofisi kadhaa watumiaji wakashindwa kuingia kazini kwao. Kompyuta zilizokuwa zikiuliza wengi ziliona kwamba mmoja anasema ajabu, zikampuuza. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huweka sava zisizopungua nne. Ukiuliza wawili wakatofautiana, huwezi kujua mkweli ni nani. Wakiwa watatu, wawili humshinda mmoja. Wanne huacha akiba siku ambayo mmoja hayupo.

Swali la Nakivale, hata hivyo, ni gumu zaidi: afanyeje mtu ambaye mtandao wake hukatika mara kwa mara? Zipo njia tatu, nazo zaweza kutumika pamoja. Ya kwanza ni programu ya chrony, ambayo iliundwa ikizingatia mitambo isiyo na mtandao wa daima. Hujifunza jinsi saa yake ipotokavyo, na mtandao ukikatika huendelea kuirekebisha kwa elimu hiyo. Ya pili ni kuwa na sava moja ya wakati ndani ya makazi, ili ofisi, zahanati na shule zilinganishe nayo hata kama mji wa nje haupatikani. Hapo angalau kumbukumbu zao zitapatana zenyewe kwa zenyewe. Ya tatu ni kipokezi cha GPS juu ya paa. Setilaiti hizo, zilizorushwa kwanza kwa ajili ya jeshi la Marekani, hubeba saa za atomi, na wakati wake hupokewa bila malipo popote panapoonekana anga. Ng'ambo ya ziwa Nakivale anga ni ileile iliyo juu ya Kampala. Na betri ile ya mfano wa sarafu ibadilishwe kabla haijafa, kama vile askari asivyongoja tochi izimike akiwa lindoni.

Yabaki jambo la kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa. Hapa ndipo fundi anapokutana na sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 huruhusu kumbukumbu za kompyuta kupokewa mahakamani, lakini huitaka mahakama ipime jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuzipa uzito. Wakili wa mshitakiwa akigundua kwamba saa ya kamera ilikuwa mbele kwa dakika 40, atauliza nani alijua, tangu lini, na kwa kiasi gani. Kama ipo karatasi iliyoandikwa siku ile kosa lilipogunduliwa, ikitaja tofauti na jina la aliyepima, picha zile bado ni ushahidi. Mtu atatoa dakika 40, na basi. Kama fundi alisahihisha saa kimya kimya, hakuna ajuaye ni dakika ngapi za kutoa, na huenda mwizi akaenda zake, au asiye mwizi akabaki ndani.

Kwa hiyo karibu na kila sava pawe na daftari la kawaida la kalamu. Liandikwe: tarehe, saa ya kweli, na ilipatikana wapi, saa ya mtambo, tofauti, hatua iliyochukuliwa, na sahihi. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Kumbukumbu za zamani zisifutwe wala zisigeuzwe kwa siri. Iongezwe maelezo chini yake, kwa idhini ya mkuu anayehusika.

Nyumbani nako somo hili lina nafasi yake. Mzazi ahakikishe kwamba simu yake imeruhusiwa kupokea wakati wa mtandao, na akisafiri kwenda Rwanda au kurudi, aitazame upya. Simu iliyopoteza tarehe huweza kukataa kufungua kurasa za benki au za shule, kwa maana hati za usalama za kurasa hizo zina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na simu iliyo katika mwaka 1970 huziona bado hazijazaliwa. Kabla ya kumlipa fundi, familia itazame tarehe kwanza. Na watoto wafundishwe mapema hesabu zote mbili, saa saba ya mchana na 13:00 ya mtambo, wasije wakachelewa mtihani kwa tofauti ya muda wa saa sita.

Na yule koplo wa Nakivale? Katika mfano huu fundi hakuishia kwa mtoto mmoja. Alitambua kwamba mtambo ulio nyuma kwa muda wa saa tatu huikosea tarehe ya kila kitu kitokeacho kati ya saa 6 na saa 9 usiku. Akatafuta siku ambayo sava ile iliwashwa kwa mara ya kwanza, akatoa orodha ya watoto wote waliozaliwa katika saa hizo tangu siku hiyo, na kuipeleka kwa mkuu wa kituo.

Koplo alikuwa na saa mkononi, na ulimi wa kudai. Katika orodha ile walikuwamo pia akina mama waliovuka mpaka usiku bila saa wala karatasi, ambao waliambiwa tarehe ya kuzaliwa kwa watoto wao na mashine, nao wakaipokea kwa shukrani. Hao wasingekuja kulalamika. Kosa lao lilionekana kwa sababu mtu mmoja, kabla ya kugusa chochote, aliuliza: saa hii imekosea kwa kiasi gani?